Dawa ya meno ya bei ya chini na bakteria wa kinywani: tathmini ya tyubu zilizo kwenye rafu yangu

Nianze na uamuzi wangu, maana wengi wanaoingia dukani huwa wana haraka. Dawa ya meno ya kawaida, ile nyeupe nzito ya chokaa, yenye floraidi, madini yanayolinda meno, kati ya 1000 na 1500 ppm (sehemu kwa kila milioni), ambayo hapa Usa River unaipata kwa chini ya shilingi elfu tatu, inafanya kazi. Ukiinunua ikiwa bado mpya, ukaitumia usiku kabla ya kulala na ukatema bila kusukutua kwa maji, sioni kwa nini mtu asiye na tatizo kubwa la meno alipe mara nne au tano zaidi kwa ajili ya tyubu yenye maneno mengi. Nasema hivi na hali nauza zote, na faida yangu iko kwenye zile za bei kubwa.

Nina duka la dawa muhimu kando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi. Dawa za meno nimeziweka rafu ya katikati, usawa wa macho, kwa sababu ndizo zinazoulizwa kila siku. Na swali ni lile lile: "Dokta, nipe ile inayoua wadudu." Mwingine anataka inayowasha, kwamba ikiwasha ndiyo inaua. Mwingine anataka yenye povu jingi. Babu mmoja wa kata ya Maji ya Chai aliniambia hahitaji kitu zaidi ya chumvi na kidole. Nawaheshimu wote, lakini nimechoka kuona watu wakichagua kwa povu na rangi ya kasha wakati jambo lenyewe limeandikwa mgongoni mwa tyubu.

Sitaji chapa za hapa kwetu, na sababu yake ni hii: jina moja linaweza kubeba vitu tofauti. Colgate Total iliyokuwa ikiuzwa Marekani ilikuwa na triklosani, dawa ya kuua bakteria. Mwaka 2019 ikatolewa upya kwa jina lile lile, triklosani imeondolewa na imewekwa floraidi ya bati. Aliyezoea jina angeweza kudhani ananunua kitu kile kile. Kwa hiyo hapa napima aina tatu za dawa kwa viungo vyake, nawe ukishika tyubu yako utajua iko kundi gani.

Kwanza tuelewane kuhusu adui mwenyewe. Ule utando unaouhisi kwa ulimi asubuhi, unaoteleza kwenye jino kabla hujapiga mswaki, si mabaki ya ugali. Ni bakteria wenyewe, wamejishika kwenye jino na kujizungushia gundi waliyoitengeneza kwa sukari unayokula. Mholanzi mmoja wa mji wa Delft, Antonie van Leeuwenhoek, aliutoa utando huo katikati ya meno yake mwenyewe, akauweka chini ya lenzi na mwaka 1683 akaiandikia Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London, kwamba ameona viumbe hai vidogo vikitembea ndani yake. Na mzee yule alikuwa akisugua meno yake kwa chumvi kila asubuhi, alisema mwenyewe. Babu wangu wa Maji ya Chai nilimsimulia hilo, akacheka, akaondoka na tyubu.

Nilitaka nione kwa macho yangu. Nilichukua rangi nyekundu ya keki, nikachanganya matone machache na maji, mwanangu wa kidato cha pili akasukutua kisha akatema. Meno ya mbele yalibaki meupe. Lakini magego ya chini, upande wa ulimi, pale yanapokutana na fizi, palitokea mstari mwekundu uliokoza, mnene kiasi cha uzi wa kushonea, unakwenda kutoka jino hadi jino na kuingia katikati yake. Na alikuwa ametoka kupiga mswaki. Tulijaribu tena jioni nyingine kwa dawa ya bei kubwa, mstari ukatokea palepale. Nikamshika mkono, nikamwonyesha namna ya kulaza mswaki kwa mshazari kuelekea kwenye fizi na kuusogeza taratibu, na mstari ukapungua sana, kwa dawa ile ile ya elfu mbili na kitu. Kwa hiyo kuondoa utando ni kazi ya nyuzi za mswaki na mkono wako. Hakuna tyubu itakayokufanyia kazi hiyo, na mtengenezaji anayekuonyesha picha ya povu likifagia bakteria wote anakuuzia ndoto.

Sasa floraidi inafanya nini, ikiwa haifagii? Hapa ndipo ninapotaka watu wasikilize vizuri.

Kati ya bakteria wa kwenye utando, wapo wale wanaokula sukari na kutoa asidi. Anayejulikana zaidi ni Streptococcus mutans, aliyeelezwa mara ya kwanza na J. Kilian Clarke huko Uingereza mwaka 1924, lakini hayuko peke yake. Ukinywa chai yenye sukari, ndani ya dakika chache asidi kwenye utando inapanda. pH, kipimo ambacho hushuka kadiri asidi inavyopanda, ikishuka chini ya 5.5 hivi, jino linaanza kupoteza kalisi na fosfeti yake. Mate huchukua nusu saa hadi saa nzima kurudisha hali. Ukinywa chai, ukafuata soda, ukamalizia na pipi, jino halipati hata nafasi ya kupumua.

Floraidi inapokuwa ndani ya utando, na asidi ikiwa imepanda, sehemu yake huungana na asidi ile na kuwa kitu kinachopenya ukuta wa bakteria kwa urahisi. Ndani ya bakteria hakuna asidi kali kama nje, kwa hiyo kile kitu kinaachana tena: asidi inabaki ndani, floraidi inabaki ndani. Bakteria anapata hasara mara mbili. Asidi inamlemea kwa ndani, na pampu anayotumia kuisukuma nje nayo hudhoofishwa na floraidi. Halafu floraidi inakamata kimeng'enya kinachoitwa enolesi, ambacho ni kiungo katika mnyororo wa kuvunja sukari. Enolesi ikikwama, bakteria anakosa nishati, na anakosa pia kile kitu ambacho wengi wao hukitumia kuvuta sukari nyingine kutoka nje. Anashindwa kumeng'enya aliyonayo na anashindwa kuingiza nyingine. Na kadiri anavyotoa asidi nyingi ndivyo floraidi inavyozidi kumwingia.

Lakini hawafi, au hawafi wengi. Ni kama mkaa ulionyunyiziwa maji: haujazimika, ila chungu hakichemki. Ukihesabu bakteria kabla na baada ya kutumia floraidi ya kawaida, hesabu haibadiliki sana. Kinachobadilika ni asidi wanayoitoa, hasa katika muda ule ambao floraidi bado iko nyingi kinywani. Baada ya hapo mate yanaipunguza. Ndiyo maana nasisitiza usiku: ukilala mate yanapungua, na floraidi uliyoiacha kwenye meno inakaa muda mrefu zaidi.

Na nisiwe mkali kwa bakteria nikasahau jino. Faida iliyo kubwa zaidi ya floraidi inatokea kwenye jino lenyewe. Inasaidia kalisi na fosfeti iliyotoka irudi, na kinachojengwa upya ni kigumu kuliko cha mwanzo: badala ya kuyeyuka kwenye pH 5.5, kinavumilia hadi karibu 4.5. Kwa hiyo floraidi inafanya kazi pande mbili, inamdhoofisha mshambuliaji na inaimarisha ukuta, na upande wa ukuta ndio mzito zaidi. Mteja anayeniuliza "inaua?" namjibu: inawanyima nguvu, na jino lako inaliongezea. Wengi wanaridhika na jibu hilo.

Matokeo yake yamepimwa. Tathmini ya mwaka 2003 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua majaribio ya tiba, ilikusanya majaribio yapatayo 70 ya watoto na vijana, ikakuta kwamba waliotumia dawa yenye floraidi walikuwa na uharibifu wa meno pungufu kwa wastani wa asilimia 24 kuliko waliotumia isiyo nayo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa ya meno yenye floraidi kwenye orodha yake ya dawa muhimu, orodha ile ile yenye paracetamol na amoxicillin. Mimi mwenye duka la dawa muhimu nilifurahi sana siku niliposoma hilo.

Tuje kwenye tyubu.

Ya kwanza ni ya chokaa. Kisugulio chake ni kalisi kabonati, na floraidi yake ni sodiamu monofluorofosfeti. Ukiona mchanganyiko huo, mtengenezaji alijua anachofanya. Angeweka sodiamu floraidi ya kawaida pamoja na chokaa, kalisi ingeikamata floraidi humo humo kwenye tyubu, na ungesugua meno kwa floraidi iliyofungwa isiyoweza kufanya lolote. Monofluorofosfeti imefungwa na fosfeti, kwa hiyo chokaa haiikamati kirahisi. Inafunguliwa ikishafika kinywani, na wanaoifungua ni vimeng'enya vilivyomo kwenye mate na kwenye utando, vingine vimetolewa na bakteria wenyewe. Nilipolielewa hilo niliipenda dawa hii kuliko mwanzo. Bakteria anaifungua mwenyewe floraidi inayokuja kumnyima chakula.

Ladha yake ni ya mnanaa tu, povu la wastani, na ukiiweka kwenye mswaki inakaa wima, haimwagiki. Kwa familia ya watu watano tyubu kubwa inakwenda mwezi na zaidi ikiwa watoto hawaichezei.

Udhaifu wake ni joto na muda. Ikikaa miezi mingi kwenye joto, ile floraidi inajifungua taratibu humo ndani, na chokaa iko pale inaisubiri. Kwa hiyo tyubu inaweza kuwa na tarehe nzuri na maandishi ya 1450 ppm ilhali floraidi inayoweza kufanya kazi imepungua. Ninaona maduka mengi yametundika tyubu kwenye kibaraza, jua la saa nane linazipiga, rangi ya kasha imekwishafifia upande mmoja. Usinunue hiyo. Kuna muuzaji wa jumla aliyeniletea katoni iliyokaa stoo chini ya bati. Nilipofungua moja, maji yalitoka kwanza, kisha dawa ngumu yenye chembechembe. Nilimrudishia katoni nzima. Chagua tyubu ya ndani, yenye rangi yake kamili, yenye nembo ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), na tarehe ya kutengenezwa ya karibu kadiri utakavyopata. Hilo la tarehe ya kutengenezwa watu hawaliangalii kabisa, wanaangalia ya kuisha tu.

Ya pili ni jeli, inayoonyesha mwanga, nyekundu au bluu, kisugulio chake ni silika na floraidi yake ni sodiamu floraidi. Hii floraidi iko huru tangu kwenye tyubu, haisubiri kufunguliwa, na silika haiikamati. Inavumilia joto vizuri zaidi. Vijana wanaipenda kwa sababu ya harufu na ile baridi ya kinywani. Kwa bakteria wa kwenye utando, kiwango kikiwa sawa, sioni sababu ya kuiweka juu sana ya ile ya chokaa iliyo mpya. Tofauti ya bei unailipia ladha. Ninayemshauri kuichukua ni mtu anayeishi mbali na duka, anayenunua nyingi kwa wakati mmoja na kuziweka nyumba ya bati.

Hapa niseme neno kuhusu asilimia, kwa kuwa zinapotosha. Tyubu moja inaandika asilimia 0.32, nyingine 1.1, na mteja anadhani ya pili ina nguvu mara tatu. Sodiamu floraidi asilimia 0.32 na monofluorofosfeti asilimia 1.1 zinatoa kiasi kile kile cha floraidi, karibu 1450 ppm, maana molekuli ya monofluorofosfeti ni nzito kuliko ile nyingine. Monofluorofosfeti asilimia 0.76 ni kama 1000 ppm. Tafuta namba ya ppm. Tyubu isiyo na namba wala jina la floraidi popote, irudishe kwenye rafu.

Ya tatu ndiyo inayostahili sifa ya kupambana na bakteria: yenye floraidi ya bati, stanas floraidi. Asilimia 0.454 yake inatoa karibu 1100 ppm ya floraidi, lakini zawadi yake iko kwenye bati. Bati lenyewe linawaumiza bakteria, linazuia vimeng'enya vyao na linabaki kinywani kwa saa nyingi baada ya kutema. Utando unakua polepole zaidi, na fizi zinazovuja damu zinatulia zaidi kuliko kwa floraidi peke yake. Si kitu kipya. Dawa ya kwanza ya chapa ya Crest, iliyotoka Marekani katikati ya miaka ya 1950 kutokana na utafiti wa Joseph Muhler na wenzake wa Chuo Kikuu cha Indiana, ilikuwa ya bati, na mwaka 1960 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kiliitambua kuwa inazuia meno kutoboka. Tatizo lilikuwa kwamba bati haliwi tulivu ndani ya tyubu na linapaka meno rangi. Za siku hizi zimerekebishwa.

Wifi yangu anaishi Minnesota, na alipokuja Krismasi alituachia tyubu za namna hiyo. Niliitumia hadi ikaisha. Ina ukakasi kidogo kwenye ulimi, kama ukila ndizi ambayo haijaiva sawasawa, na haina povu la kuridhisha. Fizi zangu za chini mbele, zilizokuwa zikiacha doa jekundu kwenye mswaki, ziliacha. Mimi ni mnywaji wa chai ya rangi, na kingo za meno zilianza kushika weusi mwepesi ambao mswaki wa kawaida haukuutoa mara moja. Kwa mwenye fizi zinazovuja ningesema avumilie hiyo rangi. Kwa asiye na tatizo hilo, na kwa bei yake ilivyo hapa, hapana. Nami naagiza chache tu, kwa wanaotumwa na tabibu wa meno.

Kuna kundi la nne ambalo sitalipa nafasi ndefu: za mitishamba, karafuu, mkaa, mwarobaini, zilizoandikwa kwa fahari kwamba hazina floraidi. Karafuu inatuliza maumivu kidogo na inanukia vizuri. Lakini dawa isiyo na floraidi inakuachia kazi ya mswaki peke yake, na mswaki haufiki kila pahali, yule mstari mwekundu ulinionyesha. Kama unapenda mitishamba, ziko zenye floraidi ndani yake. Chukua hizo. Na mti wa mswaki, ule tunaoutafuna, siupingi. Unaondoa utando vizuri kwa anayejua kuutumia. Upake dawa yenye floraidi juu yake, hakuna sheria inayokataza.

Sasa nizungumze na watu wa kwetu, wa Meru na Arusha, kwa sababu hapa floraidi ina jina baya. Nilikulia Maji ya Chai na meno yangu ni ya kahawia kama ya nusu ya darasa nililosoma nalo. Mawe ya volkano ya mlima wetu yanatoa floraidi nyingi kwenye maji, mara nyingine mbali juu ya miligramu 1.5 kwa lita ambazo Shirika la Afya Duniani limeziweka kuwa kikomo, na magadi tunayotia kwenye maharage na makande yanaongeza nyingine. Kwa hiyo mama akiniambia, "Dada, hii ya floraidi si ndiyo itamharibu mtoto meno?" swali lake ni la haki kabisa.

Jibu ni kwamba rangi ile inaingia wakati jino bado linatengenezwa ndani ya taya, kutokana na floraidi iliyomezwa. Jino likishatoka nje, dawa unayoipaka na kuitema haiwezi kulifanya la kahawia. Mtu mzima wa Usa River anayekataa floraidi kwa kuogopa rangi anaacha kinga bila sababu. Na watu wenye meno ya kahawia ndio walioifundisha dunia jambo hili. Mwaka 1901 daktari wa meno Frederick McKay alifika Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wana madoa kama yetu. Baadaye akagundua kwamba meno hayo hayatoboki kwa urahisi. Mwaka 1931 ikajulikana kwamba chanzo ni floraidi kwenye maji. Mwaka 1945 mji wa Grand Rapids, Michigan, ukawa wa kwanza kuongeza floraidi kidogo kwenye maji ya bomba ili kulinda meno. Tunachohitaji sisi huku ni kupunguza ya kwenye maji, kazi ambayo kituo cha Ngurdoto, hapo jirani, kimeifanya kwa miaka mingi kwa mkaa wa mifupa, na kubaki na ile ya mswaki.

Tahadhari ni kwa wadogo. Mtoto wa chini ya miaka mitatu apakiwe dawa kiasi cha punje ya mchele. Wa miaka mitatu hadi sita, kiasi cha njegere. Mama au baba ashike mswaki mwenyewe na amsimamie kutema. Ile picha ya tangazo, dawa imejaa mswaki mzima na kujikunja kama wimbi, si ya mtoto, na kwa kweli hata mtu mzima haihitaji. Tyubu zenye harufu ya stroberi ziwekwe juu. Nimeona mtoto akiinyonya kama aiskrimu huku mama anahesabu chenji, na kwa eneo letu, ambako maji tayari yana ya kutosha, hilo silinyamazii.

Kuhusu kusukutua: tema, tema tena, basi. Ukijaza kikombe cha maji na kugugumia mara tatu, floraidi uliyoilipia imekwenda na maji karoni. Wateja wengi wanaona vigumu mwanzoni, wanasema kinywa kinabaki kizito. Siku chache tu mtu anazoea. Kama daktari amekuandikia klorheksidini, dawa ya kuua bakteria, ya kusukutua, usiitumie papo hapo baada ya mswaki, kwa sababu kile kinacholeta povu kwenye dawa ya meno kinaipunguza nguvu. Acha nusu saa ipite.

Nyumbani kwangu kuna tyubu mbili kwenye kikombe cha bafuni. Ya chokaa tunaitumia mimi, mume wangu na watoto, na nikiifungua naandika tarehe kwa kalamu ya wino kwenye mfuniko. Ya bati nimempa mama mkwe, ambaye fizi zake zinavuja damu akila hata mkate. Imemsaidia, ila nyuma ya meno yake ya chini kuna ugaga mgumu wa miaka, na ugaga hautolewi na dawa yoyote iliyo kwenye tyubu. Nimemwombea nafasi kwa tabibu wa meno wa hospitali ya wilaya akakwanguliwe.